Sharm el-Sheikh au Hurghada? Angalia ufuo kwanza, jina la mji baadaye

Kwenye matangazo ya safari, miji hii miwili ya Misri haitofautiani: jua, maji ya buluu, mitende iliyopandwa kwa mstari, na nyuma ya hoteli jangwa lisilo na hata kijiti. Bei za vifurushi nazo hukaribiana. Basi wengi huamua kwa kutazama tiketi ipi ni nafuu, na wakishafika ndipo wanapogundua kuwa mama hawezi kabisa kuingia baharini mbele ya hoteli yao, au kwamba yale matumbawe ya kwenye picha yako mwendo wa saa nzima kwa boti.

Sharm el-Sheikh iko kwenye ncha ya kusini ya Rasi ya Sinai, pale Ghuba ya Suez na Ghuba ya Aqaba zinapokutana na Bahari ya Shamu. Hurghada, ambayo Wamisri wenyewe huiita Al-Ghardaqah, iko ng'ambo ya pili, upande wa bara la Afrika. Ukipima juu ya maji, hazifiki kilomita 100 kati yake. Zote mbili zinaishi kwa utalii, zote zina uwanja wa ndege wa kimataifa, na mvua huko ni kitu cha kusimulia. Ukiniuliza tofauti iko wapi, nitakwambia iko pale mguu unapokutana na maji. Karibu mambo mengine yote yanafuata hapo.

Gati au mchanga

Sharm milima inashuka mpaka baharini na haisimami hapo. Ukingo wa pwani umezungukwa na mwamba wa matumbawe ulioshikamana na nchi kavu: kwanza kuna sakafu ya mwamba, maji yakiwa ya magotini au pungufu, kisha ghafla ukuta unaporomoka makumi ya mita kwenda chini. Huwezi kutembea juu ya ile sakafu. Utajikata, utachomwa na miiba, na utavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Kwa hiyo hoteli nyingi zimejenga gati refu linalovuka sakafu hiyo hadi kwenye ukingo wa ukuta, na mwisho wa gati kuna ngazi ya chuma.

Hiyo ngazi ndiyo Sharm yenyewe. Ukishuka asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, hatua ya mwisho inakuacha juu ya ukuta uliojaa viumbe: pono wanaguguna matumbawe, mkunga ametoa kichwa penye ufa, samaki wadogo wa rangi ya chungwa wametanda kama moshi. Tumbukiza masikio majini utasikia jinsi pono wanavyotafuna, kwa sauti kavu kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Hakuna boti uliyokodi wala mwongozaji uliyemlipa. Umetoka chumbani na taulo yako tu.

Lakini ngazi hiyo hiyo, kwa mtoto wa miaka mitano au mtu mzima asiyejua kuogelea, ni mlango unaofungukia shimo. Atabaki kwenye bwawa la hoteli wiki nzima, akiwasikiliza wenzake wakisimulia. Na siku ya upepo mkali hata waogeleaji hubaki, kwa sababu waokoaji hupandisha bendera nyekundu na gati hufungwa.

Hurghada ni kinyume. Pwani yake kwa sehemu kubwa ni mchanga unaoteremka polepole; unaweza kutembea mbali na maji bado yako kiunoni. Watoto wanacheza, bibi anakaa majini na gauni lake, hakuna anayehitaji ngazi. Gharama ya raha hiyo ni kwamba mbele ya hoteli nyingi za mjini hakuna cha kuona chini ya maji. Ujenzi wa haraka uliojaza ufuo kwa kifusi, pamoja na nanga za boti, uliharibu sehemu kubwa ya miamba ya karibu. Mwaka 1992 wenye biashara za kuzamia wa hapo hapo waliunda chama cha kuhifadhi bahari, HEPCA, kilichoanza kwa kuweka maboya ya kufungia boti ili wasitupe nanga juu ya matumbawe. Yaliyookolewa yapo, ila yapo mbali na mchanga wa hoteli.

Kwa hiyo mgeni wa Hurghada anayetaka matumbawe hupanda boti. Safari ya kawaida ni ya kwenda visiwa vya Giftun: mnaondoka asubuhi, mnasimama mara mbili kuogelea kwa miwani na bomba la hewa, mnakula mchana humo humo chomboni, mnakaa ufuoni kisiwani, jioni mmerudi. Ni siku nzuri. Ila usitarajie upweke. Boti ni nyingi na zote zinafuata ratiba moja, na mnapofika kwenye mwamba mtazikuta nyingine zimetangulia.

Hapa ndipo nasisitiza uangalie ufuo kabla ya jina la mji. Naama Bay, iliyo katikati ya Sharm, ina mchanga na maji ya kuingia taratibu. Kusini mwa Hurghada, Makadi Bay na Soma Bay kuna hoteli zenye mchanga kwa watoto na mwamba hai wa kufika kwa kuogelea. Ukiwa na familia mchanganyiko, wengine waogeleaji na wengine la, tafuta huko kabla ya kwingineko. Picha za matangazo hazitakusaidia. Fungua ramani ya setilaiti uitazame hoteli kutoka juu: gati refu lililokatiza utepe wa kahawia maana yake ni mwamba, rangi ya maziwa inayofifia taratibu kuwa buluu ni mchanga.

Mitaa ya Sharm haifanani

Anayechagua Sharm ana uamuzi wa pili, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Hadaba, kusini, ni juu ya jabali. Mwamba wake ni wa kupendeza na eneo limejikinga na upepo wa kaskazini, lakini kufika majini ni ngazi nyingi, na kurudi ni ngazi hizo hizo jua likiwa utosini. Sharks Bay ina miamba mizuri na kelele kidogo. Nabq, kaskazini zaidi ya uwanja wa ndege, ndiko kuliko na hoteli kubwa mpya na bei za kuvutia. Sababu ya bei hizo ni kwamba upepo huko ni mwingi, sakafu ya mwamba ni pana na magati yake marefu kweli kweli, na mji uko mbali. Naama Bay ni muziki mpaka usiku wa manane. Anayelala mapema asiende.

Hurghada mgawanyo wake ni mwepesi. El Dahar ni mji wa kale, Sekalla iko karibu na bandari ya mashua za starehe na vituo vya kuzamia, na ukielekea kusini ni mfululizo wa hoteli. Sahl Hasheesh ni tulivu na ghali kidogo, na ina kichekesho chake: majini kuna nguzo na magofu ya "mji uliozama" ambayo yalijengwa makusudi na wenye mradi. Samaki hawajali, wamehamia. El Gouna, kaskazini, ni mji wa mtu binafsi ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wenye vijito vya maji ya bahari kati ya nyumba. Ni pasafi, pamepangwa, na unaweza kukaa wiki nzima bila kukumbuka kuwa uko Misri. Kwa wengine hiyo ni sifa.

Kwa wanaozamia na mtungi wa hewa

Mwenye cheti cha kuzamia atafurahi popote. Upande wa Sharm kuna Ras Mohammed, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Misri, iliyotangazwa 1983, na miamba minne ya mlango bahari wa Tiran: Jackson, Woodhouse, Thomas na Gordon. Hizi ni kuta na mikondo, na mikondo yenyewe wakati mwingine haichezi. Ras Mohammed kuna kituko ambacho kila mzamiaji anakipenda: meli ya mizigo Jolanda ilizama hapo 1980 ikiwa imebeba vifaa vya bafuni, na hadi leo masinki na vyoo vyeupe vimetapakaa chini ya maji, samaki wakipita katikati.

Hurghada ina nguvu upande wa mabaki ya meli. Mwamba wa Abu Nuhas, kaskazini mashariki yake, umemeza meli kadhaa, kuanzia Carnatic iliyogonga 1869 hadi Giannis D ya 1983. Meli maarufu kuliko zote, Thistlegorm ya Uingereza, iliyopigwa mabomu na ndege za Ujerumani Oktoba 1941 ikiwa na pikipiki, malori na vifaa vya reli, hufikika kutoka miji yote miwili. Jiandae kuamka alfajiri iwe umetokea wapi. Anayejifunza kwa mara ya kwanza ningempeleka Hurghada: vituo ni vingi, ushindani unashusha bei, na sehemu za mafunzo zenye sakafu ya mchanga zinatuliza moyo wa anayeogopa kina.

Jangwa gani?

Wengi hudhani jangwa ni jangwa. Sinai ya kusini ni milima ya mawe matupu, myekundu asubuhi na ya zambarau jioni, iliyokatwa na mabonde makavu ambamo Wabedui wanaishi na mbuzi na ngamia wao. Kutoka Sharm, safari ambayo nisingeikosa ni ya Mlima Musa na monasteri ya Mtakatifu Katerina. Monasteri ilijengwa karne ya 6 kwa amri ya mfalme Justinian, na haijaacha kutumika tangu hapo. Waislamu, Wakristo na Wayahudi wote wana habari za Musa na mlima huo, na usiku kwenye njia utawasikia watu wakiomba kwa lugha mbalimbali.

Utaratibu wake ni huu: gari linakuchukua hotelini usiku, mwendo ni kama saa tatu, halafu mnaanza kupanda gizani na tochi. Kilele kiko mita 2,285 juu ya bahari. Njia ya ngamia ni ndefu lakini haina ugumu, na njiani kuna vibanda vya chai. Kazi iko mwisho, kwenye vidato vya mawe takriban 750 ambavyo ngamia hawapandi. Hapo kila mtu ni miguu yake. Juu, Wabedui hukodisha mablanketi, na hata aliyejigamba atakodi, kwani kipindi cha baridi halijoto hushuka chini ya sifuri. Mtu aliyetoka ufuoni na kaptura anapata somo la haraka. Jua likichomoza mnateremka, na monasteri hufunguliwa asubuhi kwa saa chache tu. Kwa kawaida Ijumaa na Jumapili imefungwa, basi usikubali kuuziwa safari ya siku hizo kama kuingia ndani ndiyo haja yako.

Jangwa la Mashariki, nyuma ya Hurghada, huuzwa zaidi kwa pikipiki za magurudumu manne: vumbi, chai kwenye kambi, ngamia kwa dakika kumi, nyota. Sina shida nalo, ila ukiwa na siku moja tu ya kutoka, usiitumie hapo. Ndani zaidi ya jangwa hilo kuna kitu ambacho watalii wachache huuliza, machimbo ya Waroma ya Mons Claudianus. Nguzo za kijivu zilizo mbele ya Pantheon kule Roma zilichongwa humo, zikakokotwa jangwani hadi Mto Nile kabla ya kupakiwa majini. Nguzo zilizopasuka zikaachwa bado zimelala pale.

Na turufu ya Hurghada si jangwa lenyewe bali kilicho ng'ambo yake: Luxor. Ni takriban kilomita 300, kama saa nne barabarani. Mnaondoka kabla ya alfajiri, mnaona hekalu la Karnak, Bonde la Wafalme na hekalu la Hatshepsut, mnarudi usiku mmechoka. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa 1922, lina tiketi yake ya pembeni. Makaburi mengine yana michoro mizuri kuliko lake, kwa hiyo usisikitike ukiliruka. Kiangazi Luxor hupita nyuzi 40. Kama unaweza, lala huko usiku mmoja na uyaone makaburi asubuhi mlango unapofunguliwa. Kutoka Sharm, Luxor ni ndege au mzunguko usio na maana. Anayetaka bahari na mafarao ndani ya wiki moja hana haja ya kusoma zaidi; aende Hurghada.

Msimu na upepo

Julai na Agosti mchana hukaribia au kupita nyuzi 37 kote kuwili, na bahari hufika 28 au 29. Januari na Februari mchana ni kama 22, usiku unahitaji sweta, na maji hushuka hadi 21 au 22. Aliyezoea Bahari ya Hindi atashtuka. Kodi vazi la mpira. Upepo wa kaskazini huvuma karibu mwaka mzima, na Hurghada iko wazi zaidi kwake. Ndiyo maana wanaoteleza majini kwa tiara hukimbilia El Gouna, Soma Bay na Safaga. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yangu: maji bado yana joto la kiangazi, jua limepunguza hasira.

Mji baada ya magharibi

Sharm ilirudi mikononi mwa Misri 1982 baada ya Israel kuondoka Sinai, na karibu yote unayoyaona yamejengwa baadaye kwa ajili ya wageni. Soko la Kale linapendeza usiku, msikiti wa Al Sahaba umewashwa taa juu ya mwamba nyuma yake, lakini muuzaji anayekuita ametoka Cairo au Delta ya Nile kutafuta riziki, na bei anayoianza ni ya kitalii. Hurghada ni makao makuu ya mkoa, ina shule, masoko ya mboga, mafundi, na watu wanaoenda kazini kwa mabasi madogo. El Dahar utakula koshari (mchanganyiko wa wali, dengu na tambi), ful (maharage) na samaki wa kuchoma kwa bei wanazolipa wenyeji. Mtu anayechoka na ukuta wa hoteli siku ya pili, Sharm itamkera.

Kuhusu pesa, pauni ya Misri iliachwa ielee Machi 2024, ikashuka kutoka takriban 31 hadi karibu 50 kwa dola. Safari na hoteli hutajwa kwa dola au euro, lakini teksi, chakula cha mtaani na bakshishi lipa kwa pauni. Tembea na noti ndogo, na elewana nauli kabla hujaketi.

Usalama: Sharm imezungushiwa uzio na barabara za Sinai zina vituo vingi vya ukaguzi, kwa hiyo pasipoti iwe mkononi, si kwenye sefu ya hoteli. Baharini, papa wameua watu pande zote mbili, Sharm Desemba 2010, Sahl Hasheesh Julai 2022 na Hurghada Juni 2023. Ni matukio machache ukilinganisha na mamilioni wanaoogelea, lakini bendera na kamba za mipaka zipo kwa sababu. Mimi boti hunitia wasiwasi zaidi. Machi 2025 nyambizi ndogo ya watalii ilizama Hurghada na watu sita wakafa. Kabla chombo hakijang'oa nanga uliza majaketi ya kuokolea yako wapi. Nahodha akicheka, shuka.

Viza, usafiri, na anayetaka yote mawili

Utasikia kuwa ukishukia Sharm unagongewa mhuri wa bure wa siku 15. Mhuri huo unawahusu raia wa Ulaya, Uingereza, Marekani na mataifa mengine machache, na hauruhusu kufika Cairo wala Luxor. Wengine wote waanzie ubalozi wa Misri, tena kabla ya kununua tiketi. Ukipitia Cairo, ndege ya ndani kwenda mji wowote kati ya hii ni kama saa moja. Basi la Hurghada huchukua kama saa sita na ni la kustarehe. La Sharm ni refu zaidi kwa sababu ya ukaguzi.

Kama ulichokipenda katika maelezo ya Sharm ni matumbawe na milima, na si hoteli, fikiria pia Dahab, mwendo wa kama saa moja na nusu kaskazini. Nyumba ndogo za wageni, mikahawa ya kukaa chini kwenye mito, na Blue Hole, shimo la baharini lenye kina cha karibu mita 100. Juu yake ni pazuri kwa mwogeleaji wa kawaida. Chini yake kuna tundu la kupitia kwenye mwamba, kwenye kina cha zaidi ya mita 50, ambalo limeua wazamiaji wengi, na majina yao yamebandikwa kwenye jabali la pembeni.

Kuunganisha Sharm na Hurghada katika safari moja kunavutia kwenye ramani tu. Feri imekuwa ikianza na kusimama kwa miaka mingi, usipange likizo juu yake. Barabara inazunguka Ghuba yote ya Suez na kupita chini ya mfereji, zaidi ya kilomita 700. Aliyekazania yote mawili aruke kwa ndege kupitia Cairo na alale huko usiku mmoja, kwani hazina za Tutankhamun sasa ziko kwenye jumba jipya la makumbusho la Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025.